Madam na Chembe Isiyokuwepo

Karatu mjini, kuanzia stendi mpaka njia panda ya kwenda Mbulumbulu, naitwa Injinia. Sikuwaomba watu waniite hivyo, na sikuwakataza. Nina diploma ya umeme niliyoisomea Ujerumani, kwa lugha niliyojifunza ukubwani huku jioni nikiosha vyombo hotelini, na nilirudi nayo nyumbani wakati wenzangu wengi walibaki hukohuko. Ukiona taa zinawaka kwenye kambi ya watalii ukingoni mwa kreta, au pampu ya jua inavuta maji kule Olbalbal, uliza nani kafunga. Mara nyingi utatajiwa mimi. Sikurithi shamba wala ng'ombe. Nilichonacho nimekitafuta.

Mtu mmoja tu hajawahi kuniita Injinia. Alikuwa mwalimu wangu wa Fizikia, nasi tulimwita Madam, kama wanafunzi wa sekondari wanavyowaita walimu wote wa kike. Ila shuleni kwetu ukisema Madam bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye. Siku ya kwanza nilipomtembelea baada ya kurudi, jirani yake alipita na jembe begani akapaza sauti, "Injinia! Umekuja kutuwekea taa?" Madam akasubiri mpaka yule jirani akatokomea kwenye mahindi, ndipo akaniuliza, "Injinia ni kitu ulichosomea, au ni kitu ulichopewa sokoni?"

"Nilichopewa, Madam."

"Haya. Kunywa chai."

Hakulirudia jambo hilo tena, na mimi sikuacha kuitikia jina. Ndivyo tulivyoishi naye, yeye akijua, mimi nikijua kwamba anajua.

Ni mwanamke mfupi, mpana, anayevaa sweta chini na kitenge juu yake mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya huku juu. Darasani alikuwa hapigi mtu. Alikuwa na swali moja, na swali hilo liliuma kuliko fimbo: "Umeona au umeambiwa?" Ukimwambia mkuu wa shule amekasirika, atakuuliza umeona au umeambiwa. Ukisema chuma kizito huanguka haraka kuliko jiwe dogo, atakuuliza hivyohivyo, kisha atakutoa nje uangushe vyote viwili mpaka uchoke. Hata kanisani, mama mmoja wa kwaya alipotangaza kwamba bei ya maharage itapanda, sauti ilitoka safu ya alto, "Umeona au umeambiwa?" na katekista akalazimika kugonga meza ili watu waache kucheka.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Umri wake aliudanganya waziwazi, tena kwa furaha, na kila aliyemuuliza alipewa jibu lake. Sokoni alikuwa akilalamika kwamba ana mgonjwa nyumbani ili apunguziwe bei ya vitunguu. Nyumbani hakukuwa na mgonjwa wala paka. Siku moja nilimfumania akiwa katikati ya habari za huyo mgonjwa, maskini, anayetapika tangu asubuhi. Tulipokuwa tunaondoka nikamwambia, "Madam, na ile umeona au umeambiwa?" Akahamishia kikapu mkono wa pili akasema, "Ile ni fizikia. Hapa ni sokoni."

Maabara alikurudishia kazi yako kwa kosa dogo la kipimo. Jikoni kwake chumvi ilimwagwa kwa kiganja, na chakula kilikuwa kitamu siku moja na siku ya pili hakiliki. Alituambia tusiogope kitu tusichokielewa, na yeye mwenyewe aliogopa ng'ombe. Nchi nzima hii ya ng'ombe, na yeye akiwaona anapanda tuta.

Alikuwa amesoma mbali kabla ya kuja kutufundisha, mbali kuliko mtu yeyote niliyemfahamu wakati ule, na pale ofisi ya walimu hakuna aliyemuuliza alisomea nini hasa. Sisi kidato cha nne ndio tulimuuliza, tena kwa kumzuga ili asitupe jaribio. Akafunga kitabu. Akatuambia kwamba zipo chembe ndogo kuliko atomu, na kati ya hizo zipo zilizo nzito kupita kiasi. Chembe nzito hazidumu. Zinatokea kwenye mitambo mikubwa ya kugonganisha chembe, na papo hapo zinavunjika kuwa nyepesi. Hakuna anayeziona zikivunjika. Watafiti wanapima vipande vinavyofika mwisho, wanachora mstari kuonyesha vingapi vimefika na kwa nishati gani, na mahali mstari unapopanda ghafla kama mlima wanasema: hapa pana chembe mpya, vipande hivi ni watoto wake.

"Na mara nyingi ni kweli," akasema. "Kazi yangu ni zile mara nyingine."

Kisha akatutoa uwanja wa paredi. Jamaa yetu mmoja mnene akawa chembe nzito, akasimama katikati. Alipovunjika, mwenzetu mmoja alitembea taratibu kuelekea getini, na wawili walioshikana mikono wakaelekea upande wa pili, jikoni. Njiani wale wawili nao wakavunjika. Mmoja akaendelea jikoni. Mwingine, ambaye ni mimi kwa sababu nilikuwa na mbio kuliko wote, akageuka akarudi mbio moja kwa moja mpaka akamkuta yule wa taratibu karibu na geti. Tukafika pamoja tukihema, tumeshikana mabega. Pale getini Madam alikuwa amemsimamisha msichana mmoja aliyetupa mgongo muda wote. Akamwambia ageuke.

"Hawa wametoka wapi?"

"Wametoka nyumba moja, Madam. Wamekuja pamoja."

"Umeona au umeambiwa?"

Msichana akatutazama, akatazama uwanja.

"Umewaona wakifika," Madam akamwambia. "Hukuwaona wakitoka."

Tukarudia. Safari hii akaniamuru nitembee, na sikumkuta mtu. Mwenzangu alifika getini peke yake. Tukarudia tena nikikimbia mshazari, nikaishia kwenye maua ya mkuu wa shule. Ndipo akatueleza. Ule mlima kwenye mstari unaweza kutokea bila chembe yoyote mpya, kwa sababu tu wote wamepangana kwenye njia moja na anayerudi ana mbio kuliko aliyetangulia, hivyo wanakutana na kugongana tena. Hesabu za mwendo peke yake zinauinua. Ukibadilisha kidogo mwanzo wa safari, mlima unayeyuka. Chembe ya kweli haina deko hilo. Ukiitafuta kwenye safari nyingine utaikuta.

Kwa Kiswahili hakukuwa na jina la kitu hicho, akaunda lake: kilele cha mkutano. Jina hilo lilimtesa. Aliomba ruhusa ya siku chache kwenda kozi fupi Arusha, akaandika sababu kwamba anakwenda kujifunza zaidi kuhusu kilele cha mkutano. Makamu mkuu wa shule akamwita ofisini mlango ukiwa wazi, nasi tulikuwa tunafagia koridoni.

"Madam, huu mkutano wenyewe unaanza lini?"

"Hakuna mkutano, mwalimu."

"Lakini unakwenda kwenye kilele chake."

"Kilele kipo. Mkutano ni wa chembe."

"Mgeni rasmi nani? Na posho wanatoa wao au sisi?"

Alipewa ruhusa, kwa sharti kwamba akirudi alete picha za mgeni rasmi. Kwenye kozi hiyo ndipo alipofahamiana na mtafiti mmoja wa ng'ambo, kijana kuliko mimi wa leo, na tangu hapo wakawa wanafanya hesabu pamoja kwa barua pepe. Kulikuwa na mlima mmoja uliokuwa ukibishaniwa na wakubwa wa fani hiyo. Wengine walisema ni chembe mpya. Madam na mwenzake walisema ni mkutano, na walikuwa wanaijenga hoja yao taratibu, kipande kwa kipande, miaka na miaka. Nyumbani kwake mtandao haushiki vizuri, kwa hiyo akitaka kutuma kazi anapanda kilima kilicho nyuma ya kanisa, kompyuta imefungwa kwenye kanga kama mtoto, anasimama pale akisubiri iende. Watu wa Mbulumbulu wamezoea. Wanamsalimu kwa Kiiraqw, naye anaitikia bila kuondoa macho kwenye kioo.

Nilipofunga sola nyumbani kwake sikumtoza kitu, na nasema hili kwa sababu ni kweli. Baada ya hapo alipenda nimchukue kwenye gari nikienda kazini. Safari moja tulishuka naye Olbalbal, vumbi tupu, nikarekebishe pampu. Kisimani wakafika wachungaji wawili, vijana wa Kimasai, na ng'ombe wao wamechanganyika. Madam alikuwa amejifungia garini, kioo kimefunguliwa upana wa vidole.

"Yeyo, shuka," mmoja akamwambia, akimwita kama mama yake. "Ng'ombe hawali watu."

"Nakusikia nikiwa hapahapa. Niambie, ninyi ni wa boma moja?"

"Hapana. Huyu wa mbali."

"Mbona mmekuja pamoja?"

"Amenikuta korongoni. Mimi nilikuwa na ndama mgonjwa, natembea polepole. Yeye alikuwa anakwenda kule," akaonyesha nyuma kwa fimbo, "akaambiwa hakuna maji, akarudi."

Madam alipiga makofi mle garini mpaka ng'ombe wakashtuka. Njia nzima ya kupanda kreta alikuwa anacheka peke yake. "Umesikia? Akaambiwa hakuna maji, akarudi!" Sijawahi kumwona na furaha kama siku ile, na nimezitafuta sana kumbukumbu za namna hiyo siku hizi, kwa sababu zinanisaidia kidogo.

Sasa nifike kwenye kibao.

Sisi tuliosoma shule ile tulijenga maabara mpya. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na umeme wote ndani ya jengo lile nimefunga kwa mkono wangu. Tulikubaliana kwa sauti moja kwamba jengo lipewe heshima ya Madam, na ukutani pawe na kibao chenye maneno ya kumweleza. Tukakaa nyuma ya duka la mwenzetu mmoja mfanyabiashara wa vitunguu kupanga maneno hayo. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Injinia, wewe unamfahamu zaidi. Madam kagundua nini hasa?"

"Ameonyesha kwamba chembe fulani haipo."

"Haipo?"

"Haipo. Watu walidhani ipo."

"Basi hata mimi ni mgunduzi. Nyuma ya hili duka hakuna dhahabu. Niandikieni kibao."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mwingine, anayeongoza watalii, akasema kwa upole kwamba michango bado haijatimia, wageni wake wanapenda kusikia mtu kagundua kitu, na hakuna mzungu atakayefungua pochi kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Wakanigeukia. Ningeweza kuwapeleka wote uwanjani pale na kuwapanga kama tulivyopangwa. Nilikuwa najua. Miguu yangu mwenyewe ilikimbia hesabu ile. Lakini kicheko kile kilinigusa kama ninachekwa mimi, nikaona aibu kwa niaba yake, aibu ambayo yeye hajawahi kuwa nayo. Nikasema, "Andikeni: Mgunduzi wa Chembe."

Kibao kikachongwa, cha shaba, kizuri, kikafungwa ukutani nje ya maabara. Nilikipiga picha nikaituma kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, na kwenye ukurasa wa biashara yangu nikaiweka na tafsiri ya Kiingereza. Watu waliisambaza kuliko kazi yangu yoyote ya sola. Pongezi zao nilizihesabu kama zangu.

Madam alinipigia simu wiki iliyofuata. Hakufoka. Alisema picha imemfikia yule mwenzake wa ng'ambo, na kabla yake imewafikia wale wanaobishana nao, ambao wamefurahi sana: tazameni, huku anaandika kwamba chembe haipo, kwao anajengewa jengo kwa kuigundua. Mwenzake amemwandikia kwa adabu kumuuliza kama amebadili mawazo. Amemjibu. Yule akasema anamwamini, ila ni busara kazi yao isubiri kidogo mpaka maneno yapoe.

"Isubiri mpaka lini, Madam?"

"Hakusema." Kisha akasema, "Macho yangu hayana huo muda."

Nilijua habari za macho yake. Ukungu umeanza jicho moja na sasa umefika la pili, na daktari amemwambia kwamba lake si mtoto wa jicho wa kutolewa. Anaandika hesabu kwa kalamu nene, tarakimu kubwa kama za watoto wa chekechea. Alichokuwa anakitaka ni kuimaliza kazi ile akiwa bado anaweza kuisoma mwenyewe.

"Nitamwandikia mimi huyo bwana," nikasema. "Nimwambie kosa ni langu."

"Ukimwandikia wewe ataona nimekutuma. Kitoe tu kibao."

Nikaahidi. Picha niliifuta siku ileile, ingawa iliyokwisha kusambaa haifutiki. Kibao sikukitoa. Kulikuwa na ugeni wa wilaya uliokuwa uje kufungua jengo, tarehe ikawa inasogezwa, na nikajiambia ukuta mtupu utazua maswali. Acha wafungue kwanza, nitakitoa kimyakimya baadaye. Nikapata kazi Soitsambu, nikakaa huko kuliko ilivyohitajika. Simu yake nyingine ilipoita, niliitazama mpaka ikanyamaza. Mimi, ninayejisifu kwamba mteja akipiga mara moja nimeshawasha gari.

Jumamosi moja nilipita shuleni kukagua betri. Jengo lilikuwa bado halijafunguliwa rasmi, ila kidato cha nne walikuwa na masomo ya ziada mle maabara, wamekaa wakimsubiri mwalimu. Nje, chini ya kibao, Madam alikuwa amesimama juu ya stuli, bisibisi mkononi, uso umeukaribia ukuta karibu kuugusa, akitafuta kichwa cha skrubu kwa kidole. Skrubu za chini zilikuwa tayari ziko kwenye mfuko wa sweta lake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Huyu wa juu amekataa. Nani alimkaza hivi?"

"Mimi."

"Unajua kazi yako," akasema, akanipa bisibisi.

Nilimshika mkono akashuka, nikapanda mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha tangu Soitsambu, nikaanza kuyasema nikiwa nimeelekea ukutani, kwamba nilitaka kumpa heshima, kwamba watu wasingechanga, kwamba ule ugeni. Aliniacha nimalize. Skrubu zikatoka, kibao nikakishusha, kikiwa kizito kuliko nilivyokumbuka.

"Kwamba ulitaka kunipa heshima naamini," akasema. "Lakini hao watoto wamekisoma kila asubuhi tangu kiwekwe. Ingia uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Ulichoandika."

"Tuingie wote, Madam. Wewe utaeleza vizuri."

"Mimi sikuandika kitu."

Aliingia kweli, lakini alipita mbele yao wote akipapasa meza moja baada ya nyingine, akaenda kukaa benchi la mwisho kabisa, mikono mapajani, kama mwanafunzi. Wanafunzi walisimama, wakasema, "Shikamoo, Injinia!" kwa pamoja. Nilibaki mbele yao na kibao kifuani.

Nikasema kwamba mimi si injinia, nina diploma. Wakacheka wakidhani natania. Nikasema kwamba maneno haya ya shaba niliyatunga mimi, na kwamba si kweli.

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Samahani. Kwa hiyo Madam hakugundua chochote?"

"Aligundua," nikasema. "Chembe waliyosema ipo, yeye aligundua kwamba haipo. Nilijua hivyo, nikaandika uongo."

Sauti yangu ilikuwa imeshuka bila mimi kupenda. Kutoka benchi la mwisho Madam akasema, bila hasira, kama alivyokuwa akituambia siku zote tuliposoma majibu yetu kwa kunong'ona:

"Rudia. Huku nyuma hatujasikia."